Kumbukumbu ya Kompyuta: Akili au Masjala?

Katika ufundishaji wa istilahi za kompyuta, maelezo yaliyozoeleka ni kwamba kichakataji "huzungumza" na kumbukumbu kama mtu anavyokumbuka jambo akilini. Mfano huu una asili yake. Katika karne ya 19, Charles Babbage aliziita sehemu hizo mbili za mashine yake kinu na ghala. Lakini mwaka 1945 John von Neumann, katika ripoti yake kuhusu mashine ya EDVAC, alitumia neno la kumbukumbu ya binadamu. Neno hilo ndilo tulilolitafsiri.

Kwa maoni yetu, mfano wa akili unapotosha. Binadamu hukumbuka kwa maana: harufu ya karafuu yaweza kumrudisha utotoni. Kumbukumbu ya kompyuta haijui maana, inajua anwani. Kichakataji kikihitaji data, hupeleka anwani katika njia ya anwani na amri ya kusoma katika njia ya udhibiti, ndipo data hurudi katika njia ya data. Kikitaka kuandika, hupeleka anwani, data na amri ya kuandika. Kumbukumbu yenyewe haianzishi mazungumzo, husubiri kuamriwa. Tena anwani zina kikomo: kichakataji cha Intel 8086 cha mwaka 1978 kilikuwa na nyaya 20 za anwani, hivyo kiliweza kufikia baiti 1,048,576 tu.

Hata hivyo, hatusemi neno litupwe. Kiswahili kina kumbukumbu nyingine, ile ya ofisini. Barua rasmi za Tanzania, ambazo wanafunzi wetu huzisoma katika somo la uandishi, huwa na "Kumb. Na." juu yake. Karani wa masjala hutafuta jalada kwa namba hiyo, hana haja ya kusoma yaliyomo. Huo ndio mfano unaofaa.

Tofauti moja haina budi kutajwa darasani. Majalada hubaki kabatini usiku kucha, bali kumbukumbu kuu ya kompyuta hupoteza yaliyomo umeme unapokatika. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kompyuta "inakumbuka" huenda asione haja ya kuhifadhi tasnifu yake kwenye diski, na hasara itakuwa yake. Walimu wenzetu, neno tulibakize, mfano tuubadilishe.