Uwanja wa Nyumba Hukaguliwa Oktoba

Mwezi Aprili uwanja wowote wa Mpanda unapendeza. Mvua zimenyesha tangu Novemba, ukoka umefunika makosa yote, na hata mche uliopandwa ovyo una majani. Anayetaka kujua kama uwanja wa nyumba umepangwa na mtu anayeijua kazi aende Oktoba, baada ya kiangazi kirefu, jua likiwa kali na mchwa wakiwa kazini. Hapo kila hatua inajionyesha: iliyofanywa kwa wakati wake, iliyorukwa na iliyofanywa kwa pupa.

Nasema hatua kwa sababu huku Ugalla na Mpanda wengi wetu hatutengenezi uwanja kwa mkupuo mmoja. Nyumba yenyewe imepanda polepole, mwaka huu matofali, mwakani bati. Uwanja nao hufuata mwendo huohuo, na hilo halina ubaya hata kidogo. Kipimo cha ubora ni hiki: je, kila hatua iliiachia nafasi ile iliyofuata, au iliizibia njia?

Anzia ukutani. Inama uutazame msingi. Kwenye nyumba ya miaka kadhaa utaona mawe yenye saruji iliyomwagika ovyo, ambayo fundi hakuhangaika kuyasawazisha kwa kuwa yalitakiwa kubaki ardhini. Yakiwa nje leo, ujue udongo umeondoka. Umechukuliwa na maji ya bati yanayodondoka mahali palepale kila mvua, yakisaidiwa na fagio la kila asubuhi. Uwanja uliofagiwa mtupu una sababu zake nami nauheshimu: nyoka anaonekana kwa mbali, watoto wana pa kuchezea, mgeni anajua kwamba nyumba ina wenyewe. Lakini udongo wetu wa miombo ni wa kichanga na mwepesi, na ukiachwa wazi pande zote za nyumba, mvua ya kwanza inaondoka nao. Mpangaji mzuri amebakiza sehemu ya kufagiwa mbele ya mlango na jikoni, akaweka kokoto chini ya mchirizi wa bati, na kwingineko akauacha ukoka ushike.

Kisha ufuate mtaro mpaka mwisho wake. Mtaro mzuri unakwenda mahali: kwenye shimo la migomba, au kwenye bustani ya mboga iliyo bondeni. Ule unaoishia kwenye uzio ukamwagia jirani ni nusu ya kazi, hata ukijengwa kwa mawe yaliyochongwa.

Baada ya maji ni miti mikubwa, na hapa ndipo wengi wanapopindua mpango. Wanaanza na maua kwa kuwa yanaonekana upesi, halafu mwaka wa nne mwembe unakosa pa kusimama. Katika uwanja wa miaka michache ninapenda kuona nafasi inayoonekana kubwa mno: mita 8 hadi 10 kutoka mwembe mmoja hadi mwingine, na umbali wa kutosha kutoka ukutani. Katikati mwenye nyumba amepanda mipapai na migomba, inayomlisha sasa na itakayoondolewa matawi ya miembe yakikaribia kugusana. Huyo ameuona uwanja wake wa miaka kumi ijayo.

Ubora wa mche nao unaukagua kabla ya kulipa. Geuza kiriba utazame chini. Mzizi uliotoboa nailoni, au uliojizungusha ndani, umekaa kitaluni kupita muda wake, na mti huo unaweza kuanguka ukiwa mkubwa. Shimo la sentimita 60 kila upande lichimbwe kiangazi, udongo wa juu utengwe na wa chini, wa juu uchanganywe na samadi iliyooza ndio urudi karibu na mizizi. Panda mvua ikishalowesha ardhi mpaka chini. Nyasi za kutandaza zisiguse shina. Acha upana wa kiganja, la sivyo umewawekea mchwa daraja.

Ila katika kila uwanja ninaoingia, mti ninaoutafuta kwanza ni ule ambao haukupandwa. Nchi hii ni ya mininga, mitundu na miyombo. Mtundu hutoa majani mapya yenye wekundu wa shaba kabla mvua haijaanza, wakati kila kitu kingine kimenyauka. Ajabu ni kwamba wengi huanza kwa kusafisha kiwanja mpaka kisiki cha mwisho, kisha wananunua miche ya kivuli. Kisiki cha miombo kina mizizi iliyokwisha kushuka chini. Kiache kichipue, chagua chipukizi moja lililonyooka, mengine ukate. Wasukuma, ambao baadhi yao sasa ni wenyeji wa Katavi, wanalijua hilo katika ngitili zao, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa ili miti na nyasi viote tena, na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanzishwa mwaka 1986 uliufufua utaratibu huo kwa mapana.

Mninga ndio mtihani wa mwisho. Ukiotesha mbegu yake, kishina hukauka kiangazi na huchipua tena mvua zikirudi, mwaka hadi mwaka, huku chini mzizi ukinenepa kabla mti haujaamua kupanda juu. Asiyejua hung'oa akidhani umekufa. Kwa hiyo ukikuta Oktoba kijiti kikavu kilichozungushiwa matofali kwa uangalifu, salimia kwa heshima mwenye nyumba hiyo.

Uzio wa miti usipandwe kabla bikoni za kiwanja hazijathibitishwa. Michongoma hudai mkasi kila msimu. Minyaa haidai kitu, ila utomvu wake ni hatari kwa macho, kwa hiyo haifai penye watoto. Mikaratusi iwe mbali na kisima. Maua na nyasi za mapambo ni hatua ya mwisho, na yawe machache kiasi ambacho maji ya kuoshea vyombo yanaweza kuyalisha kiangazi kizima. Bustani inayotegemea maji ya kununua kwa dumu haitamaliza miaka miwili.

Basi wewe unayetaka kuanza mwaka huu, weka pesa ya miche kando kwanza. Mvua za kwanza zikishuka, toka nje na jembe, tazama maji yanakotoka na yanakoelekea, chora njia zake ardhini. Hiyo ni kazi ya kutosha kwa mwaka wa kwanza.