Ufa wa Mwezini na Wajibu wa Kuuliza Isnadi

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Kwa miaka mingi picha moja imekuwa ikizunguka katika vijitabu, kanda za mawaidha na simu. Inaonyesha ufa mrefu juu ya uso wa mwezi. Maelezo yake husema kuwa NASA, shirika la anga la Marekani, limegundua kwamba mwezi uliwahi kupasuka ukaungana tena, na kwamba ugunduzi huo umefichwa ili watu wasisilimu. Khatibu huitaja juu ya mimbari, na waumini huitikia kwa takbira.

Tuipime habari hii kwa mizani yetu wenyewe. Wanachuoni wa Hadithi hawakupokea kauli mpaka wajue nani kaisema na kaipokea kwa nani. Hapa tunaambiwa tu, "wanasayansi wamesema". Wepi? Katika chapisho gani? Hakuna jibu. Mpokezi wa namna hii huitwa majhuli, na riwaya yake haijengewi hukumu, sembuse itikadi.

Tukiacha isnadi tukaitazama matni, mambo ni yale yale. Picha ni ya kweli. Maelezo yake ndiyo yasiyo na msingi. Ufa ule unaitwa Rima Ariadaeus, na ulipigwa picha na Apollo 10 mwaka 1969. Urefu wake ni kama kilomita 300, ilhali mzingo wa mwezi ni karibu kilomita 10,900. Haufikii hata sehemu moja ya thelathini! Wataalamu wanaeleza kuwa ardhi ya pale ilididimia baina ya nyufa mbili zinazokwenda sambamba, na mifereji mingine ya aina hiyo ipo mwezini. Mwaka 2010 mwanasayansi wa NASA aliulizwa, akajibu kuwa hakuna ushahidi wa kisayansi wa mwezi kugawanyika na kuungana.

Ama dai la kufichwa, limefichwaje na picha yenyewe wameitoa wao? Warusi, Wahindi na Wachina nao wamepeleka vyombo mwezini, na China imeleta sampuli zake duniani mwaka 2020 na 2024. Hawa wana sababu gani ya kuilindia Marekani siri? Ubaya wa dai hili ni kwamba kila ushahidi unapokosekana, kukosekana huko ndiko kunafanywa ushahidi.

Wapo watakaosema: "Lakini habari hii inawavuta watu katika dini." Hoja hii si mpya. Nuh bin Abi Maryam anapokewa kuwa alikiri kuzua Hadithi za fadhila za sura za Qur'ani, akitaraji thawabu, ili watu wairejee Qur'ani. Maulamaa hawakuitazama nia yake. Walimwandika miongoni mwa wazushi.

Muujiza wa kupasuka mwezi umethibiti katika Suratul Qamar, aya ya 1, na katika Hadithi za Ibn Mas'ud na Anas (r.a.) zilizomo katika Bukhari na Muslim. Ibn Kathir amezihesabu Hadithi za tukio hili kuwa ni mutawatir. Aliyeupasua mwezi ni Muweza wa kuuunganisha pasi na kuacha alama. Basi aya ina haja gani na picha?

Kijana wetu wa sekondari akifundishwa kuwa picha ile ndiyo dalili ya aya, siku atakapojua ukweli wa picha atadhani aya ndiyo iliyoanguka. Nani atakayebeba dhima yake? Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuihakiki habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Ewe khatibu, uliza kwanza habari umeipata kwa nani. Ukikosa jibu, iache. Kusema "sijui" hakukuvunjii heshima.

Wallahu a'lam.