Mchanga Tu, Jamani!

Maji yalipoingia kwenye mfereji wa kwanza, ya kijani kama mlenda uliozidishiwa maji, nilibana pumzi. Yakajaa, yakatulia kidogo, kisha yakazama mbele ya macho yangu, mchanga ukabaki unang'aa, umejitanda utando mwembamba wa kinyesi cha sato. Nikakimbilia kwenye tanki. Bomba likakohoa, likatema matone, mara maji hayo! Ya kwanza yalikuja na vumbi la mchanga, lakini kufika zamu ya tatu yalikuwa maangavu, nikakinga bilauri nikampelekea mama watoto jikoni. Akaniuliza kama nimekunywa kitu.

Miaka miwili nimehangaika na akwaponiki, yaani kufuga samaki na kukuza mboga kwa maji yaleyale, ila yangu ilikuwa ya kokoto iliyoziba na kunuka hadi majirani wakasema. Kumbe Mark McMurtry na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, walishafanya kazi hii miaka ya 1980, kwa mchanga! Uchafu unanasa juu, hauzami. Maji yakishuka yanavuta hewa nyuma yake, na bakteria waliokaa kwenye punje wanaigeuza amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, kuwa naitraiti, kisha naitreti, na hiyo mchicha unaifakamia.

Ila mchanga gani? Hapo ndipo jasho lilipo. Hapa Tanga wa ufukweni usahau: chumvi tele, na vipande vya makombe na matumbawe ni chokaa tupu, itapandisha pH hadi mimea ishindwe kufyonza madini ya chuma. Tia kiganja kimoja kwenye bilauri, mimina siki, tega sikio. Lori langu la kwanza lilichachatika kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, na dereva alikuwa ameniapia ni mchanga wa mtoni! La pili lilikaa kimya. Nikautikisa kwenye chupa ya maji, nikauacha ulale; asubuhi tope lililotuama juu yake lilikuwa nene kama kidole. Tukaosha. Karai baada ya karai, tani tatu, siku nne, mgongo mpaka leo haujanisamehe.

Kitalu chenyewe hakina makuu: tofali, nailoni nzito, sakafu inayoteremka kidogo kuelekea simtanki la lita 1000 nililolifukia. Urefu mita 5, upana mita 1.3, mchanga wa kina cha sentimita 30, yaani ujazo kama mara mbili ya tanki. Mimea inakaa kwenye matuta, maji yanapita mifereji. Taima inawasha pampu mara nane, alfajiri hadi jioni. Usiku mchanga unapumua, na LUKU nayo inapumua.

Kasoro ni yangu mwenyewe. Mifereji niliichora kwa macho, maji yote yakakimbilia kona moja, bamia za upande wa pili zikabaki na kiu. Nikaazima pima maji kwa fundi, nikarudia yote.

Leo siku ya tisa. Mchicha una majani manne, sato wanarukia chakula kabla mkono haujafika, na harufu hakuna, hakuna kabisa! Nimeshaagiza mchanga wa kitalu cha pili. Safari hii nitapanda juu ya lori na chupa yangu ya siki kabla halijamwaga.