Toleo la Kale na Toleo Jipya: Maoni juu ya Kanuni za Dungeons & Dragons

Ni desturi ya wanadamu kusifu mambo ya ujana wao. Mvuvi husema ya kuwa samaki wa zamani walikuwa wakubwa zaidi, na msomaji husema ya kuwa vitabu vya zamani vilikuwa na maana zaidi. Sifa ya namna hii haitoshi kuwa hukumu, maana aghalabu msifu halii kwa ajili ya kitu chenyewe, bali kwa ajili ya umri wake uliopita. Kwa hiyo mtu asemapo ya kuwa toleo la awali la kazi fulani lapita matoleo yaliyofuata, twapaswa kumtaka ushahidi, na ushahidi huo sharti utoke ndani ya maandishi. Nataka kufanya jaribio hilo juu ya kazi ambayo wachambuzi wa fasihi hawajazoea kuitia katika mizani yao, nayo ni mchezo wa Marekani uitwao Dungeons & Dragons.

Kwa wasioujua, yafaa kueleza kwamba mchezo huu haufanani na bao wala karata. Watu wachache huketi kuzunguka meza. Mmoja wao ni msimamizi: ndiye aelezaye mahali palivyo, ndiye asemaye kwa niaba ya kila kiumbe kinachokutwa njiani, na ndiye mwamuzi. Kila mmoja wa waliobaki huchukua nafasi ya mhusika mmoja, akasema mhusika huyo atenda nini. Pale ambapo matokeo hayana hakika, dadu hutupwa. Hivyo kitabu cha kanuni si hadithi, bali ni maandishi yanayowafanya watu watunge hadithi. Thamani yake haipimwi kwa uzuri wa maneno yake peke yake. Hupimwa kwa mambo ambayo huwahimiza wasomaji wake kuyatenda.

Mchezo huu ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapwa mwaka 1974 katika vijitabu vitatu vilivyotiwa ndani ya kisanduku. Tangu hapo umeandikwa upya mara nyingi. Nitalinganisha matoleo mawili tu: kijitabu cha mafunzo ya awali kilichotengenezwa na Tom Moldvay mwaka 1981, chenye kurasa 64, na toleo la tatu la mwaka 2000, kazi ya Monte Cook, Jonathan Tweet na Skip Williams, ambalo kanuni zake zilienea katika vitabu vitatu vikubwa. Dai langu ni kwamba kijitabu cha 1981 ndicho bora, na sababu yake si uzee wake.

Tuanze na ujira. Katika kila toleo mhusika hupanda daraja kwa kukusanya alama za uzoefu. Lakini alama hizo hutoka wapi? Katika toleo la 1981, kila sarafu ya dhahabu iliyotolewa salama pangoni ilihesabiwa alama moja. Zimwi mdogo aitwaye goblini, akishindwa, alileta alama 5 tu. Askari alihitaji alama 2000 ili afike daraja la pili. Msomaji na apige hesabu: kwa njia ya upanga pekee, askari aliye peke yake angepaswa kuwashinda goblini 400, kwa njia ya hazina, sanduku moja lililojaa lingemtosha. Tena askari huyo alianza na uhai usiozidi pointi 8, isipokuwa siha yake ikimwongezea, na pointi hizo zilipokwisha alikufa. Basi mchezaji mwenye akili alijifunza upesi ya kuwa vita ni gharama, na hazina ndiyo faida. Alijifunza kunyemelea, kuhonga, kudanganya, kuzunguka nyuma, na kukimbia. Hapana ukurasa uliomhubiria ujanja. Hesabu yenyewe ilimfundisha.

Jambo la pili ni namna ya kukutana. Kijitabu cha 1981 kilimpa msimamizi jedwali la dadu mbili la kuamua jinsi viumbe wanavyowapokea wageni. Jumla ya 2 ilikuwa na maana ya shambulio la papo hapo, na jumla ya 12 urafiki wa furaha. Kati ya ncha hizo palikuwa na uadui, mashaka, na utayari wa kusikiliza. Anayejua hesabu ya dadu ataona ya kuwa shambulio la papo hapo, kwa dadu zisizoongezwa wala kupunguzwa, hutokea mara 1 katika 36. Zaidi ya hayo, kila zimwi alipewa tarakimu ya uthabiti wa moyo, na msimamizi akipenda aliweza kuitumia kupima kama mazimwi watatoroka mwenzao wa kwanza aangukapo. Twaona hapa wazo zito lililofichwa ndani ya majedwali makavu: ya kwamba adui naye ana hofu, ana haja, na yawezekana kusemezana naye.

Toleo la mwaka 2000 lilibadili yote mawili. Alama hazikutolewa tena kwa dhahabu. Zilitolewa kwa changamoto zilizoshindwa, kila moja ikiwa na kipimo cha ugumu wake, na hesabu ilipangwa hata changamoto 13 hivi zenye kulingana na nguvu za kundi zitoshe kulipandisha daraja. Tarakimu ya uthabiti wa moyo ilitoweka katika maelezo ya mazimwi. Haki yataka tuseme kwamba waandishi hawakuamuru kuua: changamoto iliyoepukwa kwa werevu yaweza pia kuhesabiwa kuwa imeshindwa. Walakini mwelekeo umegeuka. Hapo kale hatari ilikuwa gharama ya kuifikia hazina. Sasa hatari yenyewe ndiyo hazina. Mchezaji aliyekuwa akiuliza, “Tutapitaje bila ya kuonekana?” huanza kuuliza, “Wako wapi tuwapige?”

La tatu ni mipaka ya kanuni. Moldvay alikiri ya kuwa hawezi kutabiri kila jambo ambalo mchezaji atajaribu. Kwa mambo hayo alimpa msimamizi ushauri mfupi: apime ugumu wa jambo, kisha mchezaji atupe dadu ya pande 20, akitaka jumla isiyozidi kipimo cha sifa ya mhusika inayohusika, iwe nguvu, akili, au wepesi. Pengo lililobaki alilikabidhi kwa busara ya watu walioketi mezani. Toleo la tatu lilijitahidi kuliziba pengo hilo kwa orodha ndefu ya stadi na vipaji maalumu. Lakini kila kipaji kinachoandikwa huwa pia katazo. Kikiandikwa kipaji cha kumpokonya adui silaha kwa ustadi, yule asiyekuwa nacho hufikiri mara mbili kabla ya kujaribu, na macho yake hutoka kwa wenzake yakaenda kwenye karatasi yake, kutafuta ameruhusiwa nini.

Wapinzani wangu watasema kwamba nimeficha aibu za toleo ninalolipenda. Sina haja ya kuzificha. Mwaka 1981 kinga bora iliandikwa kwa tarakimu ndogo zaidi, jambo lililowakanganya wanafunzi wengi. Mchawi alianza na kisomo kimoja tu. Na mhusika wa jamii ya mbilikimo hakuwa na kazi ya kuchagua, kwani mbilikimo wote walihesabiwa kazi moja. Toleo la 2000 lilinyosha mambo hayo: dadu moja kwa karibu kila jaribio, tarakimu kubwa kuwa njema siku zote, na kila jamii huru kushika kazi yoyote. Kwa unadhifu wa mpangilio toleo jipya limeshinda, na mchambuzi asiyekubali hivyo ni mpenzi, si mchambuzi.

Tena haifai kudhani ya kuwa ninasifu ukale. Vijitabu vya 1974 vilikuwa vigumu kueleweka. Vilimtarajia msomaji awe na kitabu kingine cha vita, Chainmail cha mwaka 1971. Kijitabu cha Moldvay ni marekebisho, na ni marekebisho mema, kwa kuwa kilieleza yaliyokuwa gizani bila ya kuchukua uamuzi mikononi mwa watu. Tofauti basi si kati ya kale na sasa. Ni kati ya mrekebishaji anayefafanua na mrekebishaji anayejaza.

Ushahidi wa mwisho umetolewa na wachezaji wenyewe. Pamoja na toleo la mwaka 2000 ilitolewa leseni iliyowaruhusu watu wengine kutumia sehemu ya kanuni zake katika vitabu vyao. Kwa leseni hiyohiyo baadhi yao walizifufua kanuni za kale: Labyrinth Lord ilitoka mwaka 2007, na Old-School Essentials, inayofuata kanuni za 1981 kwa karibu sana, ilitoka mwaka 2019. Toleo jipya ndilo lililofungua mlango ambao mzee wake alirudia. Miongoni mwa wanaolicheza wamo vijana waliozaliwa baada ya mwaka 1981, nao hawawezi kushtakiwa kwamba wanalilia ujana wao. Wamekipenda kitabu kinachowaachia neno la mwisho.