Staftahi Baada ya Harusi

Nilimkuta Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa: mpishi ambaye harusi za mtaa huo zimepita mikononi mwake tangu mama zetu walipoolewa. Taarabu ilikuwa imenyamaza, wageni wamelala juu ya mikeka katika nyumba za jirani, naye yuko uani, amekalia mbuzi, anakuna nazi. Karamu ya usiku husifiwa na kila mtu. Ile ya asubuhi, inayomlisha mgeni wa Lamu au Tanga kabla hajapanda basi, hupita bila shukrani, nami naiona ndiyo kazi kubwa zaidi.

Huanza kwa kuhesabu, wala hahesabu kadi. Jioni ya harusi hupita nyumba hadi nyumba akiuliza nani atalala wapi: wazee wangapi, watoto wangapi, nani ana kisukari, akina baba wangapi watataka kahawa chungu barazani wakitoka msikitini. Kisha hutenga fungu la maharusi, na hilo haliguswi. Hupangwa kwenye sinia, likafunikwa kawa ya ukindu, likapelekwa chumbani na somo kabla mgeni yeyote hajatia mkono. Fungate ni siku saba, na maharusi hawapaswi kuwaza habari ya jiko.

Lakini fundi hujulikana kwa mahamri. Unga hukandwa kwa kasimile, pamoja na iliki iliyotwangwa usiku uleule. Saa ya ukutani haimsaidii mtu hapo. Kaskazi ikivuma, joto la usiku huumua unga upesi, kwa hiyo hungoja hadi usiku wa manane ndipo akande. Wakati wa kusi hukanda mapema zaidi, akaufunika vizuri usipate baridi. Alinieleza haya bila kuinua macho: “Ukiuwahi, mwanangu, adhana itaukuta umeshachacha.”

Alfajiri karai likishika moto, husukuma duara, akalikata pande nne, akatosa. Hapo ndipo upawa unapoingia. Huchota mafuta kidogo ya moto na kuyapitisha juu ya mgongo wa hamri, mara mbili, mara tatu, bila kurusha wala kuharakisha, nalo hufura papo hapo, likawa na uwazi ndani wa kupokea mbaazi. Nilikaa nikiutazama ule mkono hadi kukapambazuka. Haukukosea, ingawa mwenyewe alikuwa hajalala. Hamri lisilofura liliwekwa kando, la watoto wa nyumbani. Mgeni hapewi hamri bapa.

Mbaazi zilikuwa zimelowekwa tangu mchana. Huchemshwa hadi zilainike, zikatiwa tui jepesi, na kasimile huja mwisho. Kuanzia hapo mwiko hautoki sufuriani, maana tui likikatika halirudi.

Wa zamani hawakuyaona haya kuwa mambo madogo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1903, alizieleza harusi za mwambao kwa kirefu, akijua kuwa jamii hutambulikana kwa namna inavyooza na kulisha watu wake.

Sasa harusi nyingi hufanywa ukumbini, na ukumbi hufungwa usiku. Asubuhi mgeni hukabidhiwa boksi: mkate wa kukatwa, soseji iliyopoa, juisi ya pakiti. Mahamri yakiwemo, yamekandwa kwa tui la unga na kukaangwa tangu jana. Familia iliyomwaga fedha kwa mapambo ya jukwaa haioni haya kusema kwamba mpishi wa asubuhi ni gharama. Inaniuma. Mtu amefunga safari ya usiku kutoka Lamu kuja kuwaombea dua wanao, nawe unamuaga kwa boksi!

Na wa kumrithi mpishi huyu simwoni. Wasichana waliokuwa wakikaa naye uani, wakikuna nazi huku wakisikiliza, wametawanyika. Usiku ule alisaidiwa na mjukuu mmoja tu, naye alikuwa anasinzia. Vipimo vyake havijaandikwa popote. Viko kiganjani, na kiganja hicho kimezeeka.

Wewe unayepanga harusi mwaka huu, mwite mpishi wa mtaani kwenu kabla hujalipia ukumbi. Mpe idadi ya watakaolala, nazi za kutosha na makaa yasiyo mabichi, na umwekee wasichana wawili wa nyumbani wakae naye usiku kucha. Kisha mlipe sawa na unavyomlipa mpiga picha.