Kalamu na Jamaa: Wasia, Barua na Wasifu katika Kazi za Shaaban Robert

Methali husema kwamba mshika mawili moja humponyoka. Wanafunzi wengi wa fasihi huichukua methali hii kuwa hukumu iliyokwisha kukatwa juu ya mtungaji mwenye watoto wa kulea, wazee wa kutunza na kazi ya mshahara. Hudhani kuwa mtungaji wa kweli ni mtu wa upweke, na kwamba kila saa anayowapa jamaa zake ameiibia kalamu. Dhana hii imeingia hata katika uhakiki. Kazi za Shaaban Robert aghalabu hugawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la Kusadikika, Kufikirika na Utubora Mkulima, nalo huhesabiwa kuwa fungu la fikra. Fungu la pili ni la tawasifu, tenzi za wasia na barua. Hili huhesabiwa kuwa la nyumbani, na msomaji hulifungua kutafuta habari za maisha ya mtungaji, kisha akalifunga.

Mgawanyo huo si wa haki. Sauti inayosikika katika vitabu vya fungu la kwanza, yaani sauti ya mtu mzima anayesema na kizazi kijacho kwa upole na kwa uzito, ilipata mazoezi yake katika fungu la pili. Mtu hawezi kuieleza vema sauti hiyo pasipo kutazama ilikuwa ikimwambia nani kwanza.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, akafariki mwaka 1962. Sehemu kubwa ya umri huo ilikwenda katika utumishi. Toka 1926 hata 1944 alikuwa karani wa forodha katika vituo vya pwani. Kisha akahamishiwa idara ya wanyama wa pori. Na toka 1946 alikuwa Tanga, kwanza katika ofisi ya wilaya, halafu katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Hiyo ni miaka zaidi ya thelathini ya meza ya ukarani na uhamisho usiouliza kama mtumishi ana mswada mkononi. Vitabu vyake, kwa hiyo, ni kazi ya saa zilizobaki, na saa zilizobaki ndizo hizo hizo ambazo jamaa huzidai.

Katika Maisha Yangu, kitabu kilichotoka mwaka 1949, msomaji huona jinsi madai hayo yalivyoingia katika utungaji wenyewe. Mke wake Amina alifariki, naye akabaki na watoto. Maombolezo ya mke yakawa shairi. Mahangaiko juu ya watoto yakawa tenzi mbili za wasia: Adili kwa mwana wa kiume, na Hati kwa binti. Mtu aliyefiwa, aliyejua kuwa naye anaweza kuondoka kabla watoto hawajakomaa, alitafuta njia ya kuwalea hata kama hatakuwapo. Njia aliyoipata ni ya utungaji. Hapo malezi hayakuja kuibia kalamu chochote. Yaliipa kalamu sababu ya kwenda.

Njia hiyo hakuibuni yeye. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi ambao hata leo ndio kipimo cha tenzi zote za wasia. Alikuwa mgonjwa kwa muda wa mwaka mzima, na anasema hivyo mwanzoni mwa utenzi. Humwita binti asogee karibu, aje na wino na karatasi, kwa kuwa mama ana neno la kumwambia. Katika Hati, Shaaban Robert naye huanza kwa kumkalisha binti kitini ili aandike. Wahakiki wengi wameutaja udugu wa tenzi hizi mbili, wakaishia kusema kwamba mmoja umefuata mwendo wa mwingine. Lililo kubwa zaidi ni hili: katika zote mbili mtoto hasikii tu, bali pia ndiye anayeshika vyombo vya kuandikia. Mzazi husema, mtoto huandika. Kazi ya fasihi na kazi ya kulea zimekuwa tendo moja, katika chumba kimoja, kwa saa moja.

Umbo la utenzi nalo linasaidia. Ubeti wake ni mfupi, wa mishororo minne ya mizani nane. Mitatu ya kwanza hupatana kwa vina, na wa nne hurudisha kina kinachoufunga utenzi wote. Kila ubeti husimama peke yake kwa maana, lakini kina cha mwisho huushika mkono ubeti unaofuata. Mtungaji aliyeitwa kwenda kumtazama mtoto mwenye homa huweza kurudi na kuuokota uzi mahali alipouacha. Si lazima kudai kwamba utenzi ulibuniwa kwa ajili hiyo. Yatosha kuona kuwa ni umbo linalovumilia kukatizwa, na kwamba mtu asiye na asubuhi nzima ya kimya huweza kulitumia akafika mbali.

Hata hivyo uhakiki wa haki haufai kusifu tu. Mwana Kupona anamfundisha binti yake kazi nyingi za kumtunza mume: kumkanda, kumpepea alalapo, kumpokea arudipo, kuangalia chakula na mavazi yake. Msomaji akiijumlisha orodha hiyo ataona kwamba mwanamke anayeitimiza yote hana saa ya kutunga utenzi. Mwana Kupona mwenyewe aliutunga akiwa mjane na mgonjwa, yaani wakati ambapo kazi hizo zilikuwa zimemwachia nafasi kwa njia ya msiba. Kwa Shaaban Robert swali hugeuka upande wa pili: ni nani aliyepika, aliyefua na aliyebembeleza wakati kalamu ya karani ilipokuwa ikienda usiku? Anayesema kwamba nyumba ni rafiki wa mtungaji hana budi kuuliza ni rafiki wa mtungaji yupi, na kwa jasho la nani. Mizani ya kalamu na jamaa haiwi sawa kwa sababu mtu mmoja tu ndani ya nyumba ameridhika nayo.

Kuna upungufu mwingine, nao ni wa umbo lenyewe la wasia. Mwana Hashima ameketi na wino wake, lakini hasemi. Binti wa Hati naye huandika maneno ya baba, wala hapati ubeti wake mwenyewe. Wasia humtaka msikilizaji atii na akumbuke, haumtaki ajibu. Ni umbo la malezi, na malezi ya mtoto mdogo huanza hivyo. Lakini mtoto akikua, na hasa mtoto huyo akiwa naye anatamani kutunga, wasia peke yake haumtoshi. Anahitaji kuulizwa, kupingwa na kungojewa jibu lake.

Ni hapo barua zinapopata thamani yake. Barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, toka 1931 hata 1958, zilikusanywa na kuhaririwa na M. M. Mulokozi, zikachapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, mwaka 2002. Wengi huzisoma kama ghala la habari: tarehe, safari, gharama, ugonjwa, habari za ukoo. Ghala hilo lina faida yake. Lakini Yusuf Ulenge hakuwa ndugu tu. Naye alikuwa mwandishi, mwenye kitabu cha hadithi kiitwacho Nguzo ya Maji. Kwa hiyo barua hizi zinasimama mahali ambapo undugu wa damu na undugu wa kalamu hukutana. Habari za nyumba na habari za kazi ya kuandika hupita katika bahasha moja, kwa sababu kwa watu hawa wawili zilikuwa habari moja.

Barua kwa tabia yake hungoja jibu. Mkubwa humsemesha mdogo kwa heshima ya ukubwa wake, lakini hawezi kuendelea miaka ishirini na saba kama upande wa pili umenyamaza. Sauti ya mdogo haimo katika kitabu kwa maneno yake, lakini msomaji makini huisikia ikipita chini ya maneno ya mkubwa, kama mtu asikiavyo mazungumzo kupitia ukuta: upande mmoja unasikika wazi, na wa pili hufahamika kwa majibu. Hapa Shaaban Robert amevuka mpaka wa wasia. Haagizi tu, anaulizana, anaarifu na anategemea.

Hiyo ndiyo maana iliyo bora ya kumtia moyo mwandishi mwenzi. Katika mazoea ya siku hizi, kumtia moyo mtu hudhaniwa kuwa ni kumsifu, na sifa isiyo na usomaji ndani yake haina lishe. Mapokeo ya Kiswahili yana desturi iliyo imara zaidi, nayo ni kujibu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa washairi wa miji mbalimbali ukumbi wa kukutana bila ya kuonana. Shairi la mmoja lilikuwa likivuta shairi la mwingine, kwa kukubali au kwa kukanusha. Aliyejibiwa alijua kwamba amesomwa. Kwa mtungaji anayeandika usiku baada ya watoto kulala, kujua hivyo kuna nguvu kuliko sifa kumi.

Wasifu wa Siti Binti Saad ni jibu la namna nyingine. Siti alikuwa mwanamke wa Fumba, Unguja, mwimbaji aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kutia nyimbo katika santuri, akafariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliichukua kalamu yake mwenyewe, yenye madeni mengi kwa kazi zake mwenyewe, akaitumia kuandika maisha ya msanii mwingine. Ni vigumu kupata ushahidi mzuri zaidi kwamba kwake mafanikio ya mwenzi hayakuwa hasara. Zaidi ya hayo, kitabu hicho kinajibu kwa sehemu lile swali gumu lililotajwa juu: kinamweka mwanamke fundi wa sanaa katikati ya hadithi, wala si pembeni akiandika maneno ya mwingine. Hakilipi deni lote, lakini kinakiri kwamba deni lipo.

Wala Mwana Kupona hakuufungia wasia wake ndani ya mlango wa nyumba. Kabla ya kumaliza, huwageukia wanawake wengine na kuwaalika wausome. Neno lililoanza kwa binti mmoja likawa la wote. Mwendo huu, toka kwa mtoto hata kwa jamii, ndio ule ule wa Shaaban Robert, toka Hati na Adili hata Kusadikika, ambamo Karama husimama barazani akiwatetea watu ambao si watoto wake kana kwamba ni watoto wake. Msomaji aliyezidharau tenzi za nyumbani hana njia ya kueleza joto la utetezi huo. Ataliita falsafa, na ataacha nusu yake.

Hukumu ya methali ya mshika mawili, basi, yataka kusomwa tena. Ni kweli kwamba moja huponyoka pale mambo mawili yanapovutana. Lakini katika kazi zilizotajwa hapa, kalamu na jamaa hayakuwa mambo mawili kila wakati. Jamaa alikuwa msomaji wa kwanza, mwandishi wa imla, ndugu wa kujibizana naye. Mtungaji kijana anayelalamika kwamba nyumba yake haimpi nafasi ya kuandika huenda ana haki, na hasa ikiwa kazi za nyumba hiyo zimemwangukia peke yake. Dawa yake ni kugawana kazi, wala si kuhubiriwa subira. Lakini akiisha kuipata saa yake, na ajiulize ni nani anayemngoja katika ukurasa. Shaaban Robert karibu kila mara alilijua jina la mtu huyo.