Jina la Somo la "Madhara": Je, Linafaa?

Mafundisho ya sheria yalianza Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, wakati chuo kilipokuwa na kitivo kimoja tu na wanafunzi 14, chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Masomo yalikuja na majina ya Kiingereza, nasi tukawa tunayafuata nyuma na kuyabandika majina ya Kiswahili. Mengine yametulia vizuri: "jinai", "ushahidi" na "mirathi" hayana mgomvi. Lakini lipo moja ambalo kila tulisikiapo hututia mashaka, nalo ni "madhara".

Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, jambo hili si la wasomi peke yao tena. Profesa hufundisha somo lake kwa Kiingereza. Mwanafunzi wake huenda kesho akatakiwa kuandika hukumu kwa Kiswahili.

Tuchukue mfano wa Chanika, huko mbele ya Pugu, ambako viwanja vinauzwa kila siku. Mzee mmoja ana shamba dogo la mihogo. Jirani amelifanya njia yake bila ruhusa. Hakung'oa mche wala hakuvunja ua. Kwa sheria tuliyorithi kutoka Uingereza, mzee anaweza kumdai jirani huyo mahakamani hata kama hakupata hasara ya senti moja, kwa kuwa kuingia kwenyewe ndilo kosa. Sasa mwambieni mzee huyo afungue shauri la madhara. Atajibu, "Madhara gani, mwanangu? Mihogo yangu mizima." Kisha atarudi nyumbani, na haki yake ataiacha hapo hapo barazani.

Na kinyume chake ni kweli vile vile. Mwenye duka ambaye mwenzake amefungua duka jingine mkabala naye hupata madhara makubwa, wateja wakahama wote, wala hana shauri lolote maadamu mwenzake anafanya biashara ya halali. Neno hili, basi, ni fupi upande mmoja na refu upande wa pili.

Sisi tungependelea "makosa ya madai", yasimame mkabala na "makosa ya jinai". Tunajua kasoro yake: kuvunja mkataba nako ni jambo la madai. Hata hivyo mwalimu anaweza kuutenga mkataba kwa sentensi moja katika mhadhara wa kwanza, lakini dhana kwamba pasipo hasara hapana kosa itamchukua muhula mzima kuing'oa.

Katika somo la mikataba tatizo ni la namna nyingine. Sheria hiyo hutaka kila upande utoe au uahidi kitu kwa ajili ya kile unachopewa. Mfasiri anayefuata kamusi neno kwa neno ataandika "mazingatio", na hapo hakuna atakayemwelewa, hata hakimu. Watu wanaoandikiana hati ya mauziano mbele ya mashahidi, katika ofisi ya serikali ya mtaa, husema "bei", "malipo" na "arubuni". Arubuni haifai, kwani ni sehemu tu ya bei iliyotangulizwa. "Malipo" yanakaribia, lakini ahadi ikitolewa kwa ahadi, fedha iko wapi? Tunapendekeza "kibadilishano". Ni neno geni sikioni, hatukatai, lakini mnunuzi wa kiwanja akiulizwa, "Kibadilishano chako ni nini?" atajua kwamba anaulizwa alichotoa.

Walimu wa sheria na wafasiri wa mahakama wanaotumia maneno mengine kwa dhana hizi mbili wanaombwa watuletee, kila neno na sentensi tatu zinazolitumia, moja kati ya hizo iwe imepata kusemwa kweli mbele ya hakimu.